Kesi ya Abiria wa Nyuma

Jumanne ile Sikudhani alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akafunika masufuria, akaketi kibarazani kuwasubiri mumewe na binti yake. Wali ukapoa. Akaupasha. Ukapoa tena. Alipotokea mtu, hakuwa mmoja wa wale wawili. Alikuwa askari mwenye daftari, naye aliuliza:

"Wewe ndiye mama wa muuaji?"

"Muuaji gani, mwanangu?"

"Hidaya binti Machano."

"Hidaya ni binti yangu. Amemuua nani?"

Askari akapekua daftari lake bila haraka. "Amemuua Machano bin Kheri, fundi viti. Unamfahamu?"

"Ni mume wangu."

"Ahaa." Askari alikuwa kijana mwenye adabu, akatafuta neno la kumwambia mwanamke aliyekuwa ameshika nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili. "Basi hongera, mama. Wewe ni upande wa mashtaka na pia upande wa utetezi. Wachache wanaopata nafasi hiyo. Weka saini hapa, na hapa tena."

"Na Hidaya yuko wapi?"

"Naye amekufa. Lakini hilo halimwondolei kosa."

*

Hayo yalitokea katika nchi ambayo hakuna haja ya kuitaja jina, kwa sababu viongozi wake wanalitaja vya kutosha.

Katika nchi hiyo kiti cha nyuma cha gari ni kiti cha heshima. Waziri hukaa nyuma. Jaji hukaa nyuma. Bibi harusi hukaa nyuma, na mkuu wa wilaya hukaa nyuma hata gari likiwa limezimwa. Mbele hukaa dereva, naye ni mtumishi, kwa hiyo hufungwa mkanda ili asije akakimbia kazi. Huko vitu vinavyofungwa ni vinne tu: mbuzi, mfungwa, maiti na dereva.

Mambo yalikuwa shwari mpaka siku ambayo Waziri wa Barabara na Heshima, Mheshimiwa Kanali Daktari Mfaume Kibindo, alinunuliwa gari jipya na wananchi. Alipokaa nyuma alihisi kitu kinamchoma ubavuni. Akatazama, akaona mkanda. Jioni ileile akasema redioni:

"Ndugu wananchi! Kuna watu wa nchi za nje wametuletea kamba. Wameziweka kwenye viti vyetu vya nyuma, kimyakimya, ili siku moja tujifunge wenyewe! Mimi nauliza: nifungwe kwani mimi ni mbuzi? Nafungwa nipelekwe wapi? Kuanzia kesho mikanda yote ya nyuma ikatwe. Nyuma hakuna ajali!"

Kauli hiyo ya mwisho ikabandikwa kila mahali, kwa sababu ilikuwa fupi.

Askari wa barabarani wakagawiwa visu. Dereva aliyekutwa bila mkanda alichapwa viboko sita papo hapo, kando ya barabara. Abiria wa nyuma aliyekutwa na mkanda alichapwa kumi na viwili, kwa kosa la kujidhalilisha. Wachapaji walijaribu bakora za mti, zikavunjika. Wakajaribu mipira ya maji, ikachanika. Mwishowe wakagundua kwamba hakuna kitu kinachofaa kama mkanda wenyewe uliokatwa. Hauvunjiki, hauchaniki, haulegei. Ripoti ya polisi ya mwaka ule iliusifia kwa maneno haya: "Mkanda wa kiti cha nyuma una uwezo wa kumzuia mtu mzima mwenye nguvu zake zote asiondoke mahali alipo." Sentensi hiyo ilikuwa katika sura ya vifaa vya kuadhibia, kwa hiyo hakuna aliyeisoma kwa maana nyingine.

Machano, mume wa Sikudhani, alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Watu walimletea magari yao kabla askari hawajayafikia, kwa kuwa kisu cha askari kilikata mkanda na kiti pamoja, na wakati mwingine na paja la mwenye gari. Machano alikuwa na wembe wa kazi na mkono mwepesi. Mikanda aliyoikata aliikunja vizuri akaijaza kwenye magunia, akayapanga uani karibu na banda la kuku. Gari lake mwenyewe, saluni nyeupe iliyochakaa, alilifanya la mwisho. Siku ile alikula kidogo.

"Mama Hidaya," alimwambia mkewe, "hizi nyuzi aliyezifuma alikuwa na akili."

"Basi usizikate."

"Nisizikate ili nikachapwe na hizohizo?"

Hawakulizungumza tena.

Sasa Jumanne ile Hidaya alikuwa amehitimu uuguzi. Wenzake wa chuoni ndio waliokuja kumsimulia Sikudhani, wakipokezana maneno kwa kuwa kila mmoja alishindwa kufika mwisho. Walisema Machano alifika na gari limeoshwa. Hidaya akashika mlango wa mbele kama siku zote. Baba yake akamzuia, akaenda kufungua wa nyuma, akainama kama madereva wa mawaziri.

"Leo wewe ndiye mheshimiwa. Pita huku."

"Baba, acha vituko, watu wanatuangalia!"

"Waache waangalie. Nesi wangu wa kwanza huyu. Kaa nyuma, Sista, mimi leo dereva wako."

Akacheka, akakaa nyuma, cheti mapajani.

Kwenye kona ya kiwanda cha kamba palikuwa na lori la serikali limeegeshwa katikati ya barabara, limebeba mabango mapya ya *Nyuma Hakuna Ajali*. Machano alikanyaga breki, akachelewa kidogo, gari likaligonga lori. Mkanda wake ulimshika. Daktari aliyempima alisema kifua chake hakikuwa na hata ubavu mmoja uliovunjika; mtu yule angeshuka, angepiga lori teke, angetukana kidogo na kuja nyumbani kula wali. Ila nyuma yake alikuwapo Hidaya, na Hidaya hakushikwa na kitu. Alikwenda mbele kwa kasi ileile ya gari. Paji la uso wake likakutana na kisogo cha baba yake, na vyote viwili vikavunjika.

Polisi waliandika: "Mtuhumiwa alimshambulia marehemu kwa kutumia kichwa, kutoka nyuma, bila kutoa onyo."

*

Machano alizikwa Jumatano katika makaburi ya Mtondooni, walikolala wazazi wake. Sikudhani aliwatumia ujumbe wachimba kaburi waache nafasi upande wa kulia, ya mtu mwembamba. Wakaiacha.

Kisha akaenda mochwari kumchukua binti yake.

Mhudumu wa pale aliitwa Chausiku, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimtazama Sikudhani, akatazama karatasi zake, akashusha pumzi.

"Mama Hidaya, huyu simtoi. Yuko rumande."

"Rumande? Maiti?"

"Ni mtuhumiwa wa mauaji. Mauaji hayana dhamana. Hata mimi nimeuliza. Wameniambia akitoroka nitajibu mimi."

Alimpeleka ndani. Hidaya alikuwa amelazwa kwenye sinia la bati, sare yake nyeupe imekauka damu shingoni mpaka kifuani, na mikono yake imefungwa pingu. Pembeni ameketi askari mwenye bunduki, anakula embe.

"Hizo pingu zinambana," Sikudhani alisema.

Askari akaacha kutafuna. "Hasikii, mama."

"Mimi nasikia."

Askari akatazama dari. Chausiku akachukua ufunguo mezani bila kuomba, akalegeza pingu tundu mbili, akaurudisha.

"Akishtakiwa akashindwa, atazikwa wapi?" Sikudhani aliuliza.

"Makaburi ya Waliohukumiwa, shoga yangu. Kule nyuma ya kiwanja cha ndege. Wanazikwa kwa namba, wala hawasaliwi." Chausiku akamshika bega. "Lakini akishinda utampeleka kwa baba yake. Nenda kashinde."

*

Hakimu Ngude alikuwa mtu wa haki, na haki kwake ilikuwa kila upande ukae mahali pake. Mbele kabisa palikuwa na benchi la mjane wa marehemu. Nyuma yake palikuwa na benchi la mama wa mtuhumiwa. Sikudhani aliagizwa kukaa kote kuwili.

"Mjane wa marehemu," Hakimu akaanza, "je, unamwona mahakamani mama wa aliyemuua mumeo?"

"Mheshimiwa Hakimu, ni mimi."

"Jibu unaloulizwa. Unamwona?"

"Simwoni. Nimekaa huku."

Hakimu akaamuru kioo kiletwe. Askari akakishika mbele ya uso wake. Sikudhani akaona mwanamke ambaye kope zake zilikuwa zimevimba na ushungi wake umekaa upande.

"Mtazame kwa chuki, kama sheria inavyotaka."

Akamtazama. Karani akaandika kwamba chuki ilikuwepo lakini haitoshi.

Upande wa serikali ulisimamiwa na Mheshimiwa Kibindo mwenyewe, kwa sababu kauli yake ilikuwa imeguswa. Alisimama na nishani zake, zikalia kama vijiko.

"Mheshimiwa Hakimu, kesi ni nyepesi. Nyuma hakuna ajali. Hilo ni la kisheria. Sasa, kama nyuma hakuna ajali, yule binti aliyekuwa nyuma hakupata ajali. Na kama hakupata ajali, basi alichofanya alikifanya kwa makusudi! Alikaa katika kiti cha heshima akageuka kombora! Msichana msomi! Mwenye cheti!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mlangoni walikuwa wameandikwa majina.

"Mama wa mtuhumiwa, una la kusema? Hamia benchi lako kwanza."

Sikudhani akahamia benchi la nyuma. Alifungua mkoba wake wa ukili, akatoa mkanda mmoja kutoka magunia ya uani, mweusi, bado una kifungio chake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi ya kukunja shuka:

"Mwanangu hakuruka kwa kupenda. Hakukuwa na kitu cha kumshika. Kingekuwepo, angebaki kwenye kiti chake, na baba yake angebaki kwenye chake, na mimi leo ningekuwa nyumbani nagombana nao. Naomba nioneshe."

Kabla hawajamwelewa, alikuwa ameshauzungusha mkanda kiunoni na nyuma ya benchi, akaubana. Benchi lile lilikuwa limepigwa misumari sakafuni.

"Afande, nivute."

Askari akamtazama Hakimu. Hakimu, ambaye hakuwahi kuona kitu cha maana mahakamani kwa miaka mingi, akaitikia kwa kichwa. Askari akavuta. Akaja wa pili, wakavuta wawili. Wa tatu alimkamata shingoni. Sikudhani alikohoa, ushungi ukamtoka, shati la askari mmoja likachanika kwapani. Hakusogea.

Nyuma mtu akasema, "Ala! Kumbe!" na akatolewa nje, na huko nje akasikika akipigwa.

Mheshimiwa Kibindo alikuwa amekuwa mwekundu masikioni. "Nani ameukata mkanda huo?" akauliza. "Jina!"

Sikudhani aliuona akilini wembe wa Machano na jinsi alivyokuwa akiufuta kwa pindo la kanzu. "Sijui," akasema.

Kwa kosa la kufunga mkanda wa nyuma mbele ya mahakama alichapwa viboko kumi na viwili, palepale, kwa mkanda uleule. Alihesabu mpaka saba. Baada ya hapo alilitaja jina la Hidaya, moyoni, mpaka wakamaliza. Damu ililowesha gauni lake mgongoni, na karani akaomba benchi lifutwe kabla kesi haijaendelea.

"Nataka hili liishe hadharani," Waziri alisema. "Jumamosi, uwanjani. Wananchi wote waje waone kama nyuma kuna ajali au hakuna."

"Na ikionekana ipo?" Sikudhani aliuliza kutoka sakafuni.

"Binti yako atoke," akasema Waziri, akicheka. "Hakimu, andika."

Hakimu akaandika.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na beni ya polisi, gari la kifahari lililooshwa kwa sabuni ya manukato, na ukuta wa zege uliojengwa kwenye goli la kaskazini. Sikudhani aliketishwa mstari wa mbele, kwenye benchi lisilo na egemeo, kwa kuwa baada ya viboko mgongo wake ulikuwa hauegemei kitu.

Kwanza walijaribu kwa gunia la muhogo. Walilikalisha kiti cha nyuma, wakalifunga tai, wakaliachia gari liende kwenye ukuta. Gunia likapita juu ya viti, likatoboa kioo cha mbele, likadunda ukutani, likampiga mpiga tarumbeta. Tarumbeta iliingia kooni na meno yake manne yakatoka kwa pembeni. Mtangazaji akamkabidhi Waziri kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, msihadaike! Gunia limerushwa kwa sababu halina cheo. Mtu mwenye cheo ana uzito wake! Sasa nitaonesha mimi mwenyewe. Leteni gari jingine."

Wasaidizi wake wakamshika mikono, naye akadhani wanampongeza.

Dereva wake kwa miaka kumi na minane alikuwa Sajenti Ngwali. Alipomfungulia bosi wake mlango wa nyuma aliinama, akamnong'oneza:

"Mheshimiwa, hata mkono wako mmoja tu ushike kile kishikio cha juu. Nakuomba kama mzazi wangu."

"Ngwali, umeanza kuzeeka. Endesha. Hamsini kwa saa, na usipunguze, nitajua."

Wananchi walikuwa wameagizwa kupiga makofi gari litakapogusa ukuta. Ngwali aliingia mbele, akafunga mkanda, wala hakupunguza. Gari likagusa ukuta, makofi yakalipuka uwanja mzima, na ndani ya makofi hayo Mheshimiwa Kanali Daktari Mfaume Kibindo akaondoka kwenye kiti cha heshima na vyeo vyake vyote. Alimpitia Ngwali. Kiti cha dereva kilipinda, shingo ya Ngwali ikapinda nacho. Nishani moja ilipatikana baadaye imezama shavuni mwa Ngwali mpaka kwenye mfupa. Waziri aliishia nusu ndani ya gari na nusu juu ya boneti, uso wake umebandikwa ukutani.

"Naam!" mtangazaji akapaza sauti, kwa kuwa alikuwa anasoma alichoandikiwa. "Mheshimiwa anashuka akiwa na tabasamu!"

Beni ikapiga wimbo wa taifa bila tarumbeta.

Polisi waliwapiga kwanza watu ambao hawakupiga makofi. Ilipothibitishwa kwamba Waziri amekufa, wakaanza kuwapiga waliopiga. Watu walikimbilia lango moja, kumi na mmoja wakakanyagwa, na kiatu cha mtoto kilibaki juu ya nyasi siku nyingi. Sikudhani hakukimbia. Alikwenda mpaka kwenye gari, akavua ushungi wake, akamfunika Sajenti Ngwali uso, kwa kuwa wote walikuwa wamemzunguka yule mwingine.

*

Hukumu ilisomwa Jumatatu. Hakimu Ngude hakuwa amelala, ilionekana. Mbele yake palikuwa na barua tatu kutoka juu, na kila moja ilikuwa imeandikwa *Haraka*.

"Mahakama hii," alisoma, "ilikuwa na shida. Kama abiria wa nyuma anayeruka mbele ni muuaji, basi marehemu Mheshimiwa Kibindo ni muuaji wa dereva wake. Hilo haliwezekani, kwa kuwa ameshatangazwa shujaa na mtaa umeshapewa jina lake. Kwa hiyo abiria wa nyuma hana hatia. Hidaya binti Machano ameachiwa huru."

Sikudhani alisimama. Aliweka mkono kifuani. Chausiku, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini ili aje, akapiga kigelegele kifupi akajiziba mdomo.

"Sijamaliza," Hakimu akasema, bila kumtazama. "Watu wawili wamekufa katika kila gari, na sheria inataka kila kifo kiwe na mkosaji. Mkanda hauwezi kuwa na lawama, kwa kuwa haukuwepo. Aliyeagiza usiwepo ni shujaa. Anabaki yule aliyekuwa mbele. Imeonekana kwamba mtu wa heshima alikuwa anakwenda mbele, na mbele akakuta mtu amekaa, tena amejifunga ili asiweze kupisha. Sajenti Ngwali amepatikana na hatia ya kumzuia mkubwa njia na kumsababishia kifo. Na Machano bin Kheri, fundi viti, amepatikana na hatia ileile dhidi ya Hidaya."

"Mheshimiwa Hakimu, alikuwa baba yake."

"Imezingatiwa. Imeongeza uzito wa kosa."

"Nimewekwa mabenchi mawili," Sikudhani alisema polepole. "Nimeshinda kwenye moja. Nipe wote wawili."

Hakimu alizikusanya karatasi zake. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Mama," akasema kwa sauti ya mtu wa kawaida, "hata hilo moja nimeliiba."

Akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Alasiri ileile trekta la manispaa liliingia Mtondooni. Wafanyakazi hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao aliomba radhi kaburi lenyewe kabla ya kupiga sururu. Walimtoa Machano akiwa na sanda yake, imegeuka rangi ya udongo, wakamfunga kwa kamba kwenye tela asidondoke njiani. Gari la mochwari lilikuwa limefika na Hidaya. Chausiku alikuwa amemwosha na kumkafini mwenyewe, mikono imenyooka. Shimo lilikuwa wazi, na magharibi ilikuwa inakaribia, na hakukuwa na mtu wa kuchimba jingine. Walimweka Hidaya humohumo. Udongo ulikuwa bado laini.

Sikudhani alisimama kati ya kaburi na barabara mpaka tela lilipopinda kona.

Mikanda ya nyuma bado inakatwa. Sheria mpya inasema madereva wafungwe godoro kisogoni, ili waheshimiwa wasiumie.

Machano sasa ni namba mia nne na sita, nyuma ya kiwanja cha ndege. Sikudhani huenda kwa Hidaya kila Jumatatu na kwa Machano kila Alhamisi. Kutoka kaburi moja hadi jingine ni kilomita kumi na moja, na huzitembea kwa miguu.